Tarehe Ambayo Shangazi Odília Hakuitaka

Delfina Borba aliamka akasogeza ndoo. Paa lilikuwa linavuja tena, safari hii juu ya kitanda chenyewe. Mumewe, Norberto, alikuwa ameshakwenda kukamua ng'ombe.

Jana yake benki ilikuwa imewanyima mkopo wa kutengeneza paa, na sababu yenyewe ilimchanganya Delfina kabisa. Nyumba yao katika mji mdogo wa Hilmar waliuziwa na Odília, shangazi yake Norberto, kwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Hati ya dhamana ilisajiliwa wilayani: wakiacha kulipa, nyumba inaweza kuuzwa ili shangazi apate fedha zake. Kiasi kiliandikwa. Riba iliandikwa. Tarehe ya mwisho ya kulipa haikuandikwa.

Sasa kila mtu alikuwa na lake. Kinyozi alisema deni lisilo na tarehe halidaiwi. Binamu alisema linaweza kudaiwa lote kesho asubuhi. Ofisa wa benki alisema hawezi kukopesha juu ya nyumba yenye deni lisilojulikana litaisha lini. Delfina aliwasikiliza wote, kichwa kikamzunguka. Nyumba ilikuwa yao, au haikuwa yao? Alifikiria kufukuzwa humo na wanawe, akaogopa sana.

Norberto aliporudi alikaa mezani, akaivuta hati, akatoa kalamu.

"Hapa pana nafasi," alisema. "Naandika mwaka, yanaisha."

"Na shangazi je?"

"Shangazi hasomi mambo haya."

Delfina alimpokonya kalamu. Sheria hakuijua, ila moyo ulikataa. Akavuka uzio kwenda kwa jirani yao Lurdes Toste, aliyefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya hati za nyumba. Lurdes alikuwa anakanda unga wa mkate mtamu, akasikiliza bila kusimamisha mikono.

"Hati iliyokwisha kutiwa sahihi haiguswi," alisema. "Ukiongeza neno peke yako, huko ni kughushi."

"Kwa hiyo deni limekufa?"

"Halijafa, mwenzangu. Mnadaiwa vilevile. Ila hamjui kwa hakika mpaka lini, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia."

Akamweleza njia iliyo sawa, tena mara mbili, maana mara ya kwanza Delfina alimkodolea macho tu. Wataandika mkataba mfupi wa kurekebisha, unaoitaja hati ya zamani na namba yake ya usajili. Humo wataweka tarehe ya mwisho, na mengine yatabaki yalivyo. Karatasi ya ahadi ya kulipa, waliyoitia sahihi pamoja na hati, nayo irekebishwe, zisije zikasema mambo mawili. Wakili azipitie zote mbili kwanza, kwa sababu kila jimbo lina sheria zake. Kisha watie sahihi wote mbele ya mthibitishaji wa sahihi, na mkataba usajiliwe palepale iliposajiliwa hati ya kwanza.

"Lakini shangazi lazima akubali kwa hiari yake," Lurdes alimalizia. Delfina akaona hapo ndipo penye kazi.

Jumapili baada ya misa walimpelekea shangazi malipo yake pamoja na mkate. Norberto alizungukazunguka, akasifu kahawa, akawaulizia kuku. Delfina alipoona hafiki kwenye jambo lenyewe, akasema yeye. Shangazi akaweka kikombe chini.

"Mnataka kujua nitakufa lini?"

"Hapana, Shangazi."

"Marehemu mume wangu Evaristo alimaliza kulipia zizi, mwezi haukuisha akafa. Mimi ndiye niliyemwambia karani aache pengo. Siku isiyoandikwa haiji."

Kumbe hakuna aliyesahau! Delfina hakujua acheke au alie. Hakubishana naye. Alimwambia habari za ndoo kitandani, na hofu yake ya kufukuzwa. Kisha akamwambia kwamba deni likiisha, mdai ndiye anayetia sahihi ya kuiachia nyumba.

"Tunataka sahihi hiyo iwe yako," alisema. "Si ya warithi."

Shangazi akahesabu kwa vidole.

"Likiisha nitakuwa na miaka tisini na miwili."

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi iwe wiki ya sikukuu ya Roho Mtakatifu. Na supu ya sikukuu muipike nyinyi."

Wakatafuta kalenda ya mwaka huo, tarehe ikapatikana. Wakili aliupitia mkataba, wakatia sahihi, wilaya ikasajili. Benki ilitoa mkopo, paa likaezekwa upya, na ndoo ikarudi kwenye banda la kuku.

Nakala yake shangazi aliibandika kwenye jokofu. Mwezi uliofuata alikwenda kwa daktari, naye akamwambia kwamba kwa umri wake asitarajie makubwa.

"Nipe dawa iliyo bora," shangazi alimjibu. "Kuna mahali natakiwa kutia sahihi."