Mshubiri wa Kilimani

Wageni wa Kizungu walipofika kwenye tuta la mwisho, walikuta shimo. Mshubiri mwekundu, mmea adimu kuliko yote katika bustani ya boma la Mpwapwa, ulikuwa umeibwa.

Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, mwaka 1909. Mzee Yoramu, mtunza bustani aliyekuwa akiwatembeza, aliinamisha kichwa.

Bwana Mkubwa wa boma alifoka. Ombasha Bushiri, askari wa zamu, aliona mavi mabichi ya mbuzi kando ya tuta. Hakuuliza zaidi. Alikwenda moja kwa moja kwa Mazengo, mfugaji jirani, akamfunga kamba mbele ya wakwe zake waliokuja kumtembelea. Viboko vyake vikapangwa kupigwa jioni.

Adhuhuri Bushiri alirudi kulikagua shimo, na aibu ikaanza kumpanda. Mbuzi angetafuna, lakini hapa hapakuwa na jani hata moja lililokatika. Mmea ulichimbuliwa na mizizi yake yote. Tena chini kulikuwa na tope, na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi. Mwizi aliulainisha udongo kwa maji, na ufunguo wa kisima alikuwa nao mtu mmoja tu, mtunza bustani. Bushiri akamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Ombasha."

"Siku zote wageni huwaanzishia kwenye mshubiri. Leo umeuweka mwisho. Kwa nini?"

"Miguu ilikataa kunipeleka pale," alisema Yoramu.

"Uko wapi?"

"Juu ya kaburi la mama yangu, kilimani. Ndiko ulikotoka. Mimi ndiye niliyewaonyesha Wazungu njia, wakaung'oa nikitazama. Wageni wakija nautaja kwa Kijerumani, wanacheka, nami nacheka nao. Nimechoka kucheka."

"Na Mazengo? Ulimwona akifungwa."

"Nilimwona. Nikanyamaza. Hapo sina la kujitetea."

Yoramu alikwenda mwenyewe kwa Bwana Mkubwa, akakiri, akalala kupokea viboko alivyopangiwa Mazengo. Alipoulizwa mmea uko wapi, hakujibu. Bwana Mkubwa akamgeukia Bushiri, naye hakujibu.

Kisha Bushiri alimfungua Mazengo. "Nisamehe, ndugu yangu."

Mazengo alisugua vifundo vya mikono yake bila kumtazama. "Wakwe zangu wamerudi Gulwe wakijua binti yao ameolewa na mwizi. Nani atawaambia ukweli?"

Bushiri alivua kofia yake ya uaskari.

"Nitawaambia mimi. Nipeleke."

Mazengo alitangulia, naye Bushiri akamfuata.