Tiki za Kijani

Kila asubuhi Kidoti alikunywa chai akiwa amesimama, begi mgongoni, huku Bibi akimwambia kwamba kikombe hakina miguu ya kumkimbia. Asubuhi hiyo alikiacha mezani kikiwa bado kimejaa.

“Leo alasiri nawasha lugha mpya,” Mama alisema akifunga kompyuta yake. Mama alikuwa mwandishi wa programu, na alikuwa akiishughulikia tovuti ya zahanati ya mtaa. Hakugusa kurasa zenye picha ambazo watu huziona. Kazi yake ilikuwa sehemu ya ndani, isiyoonekana, inayoamua mgonjwa yupi atumiwe ujumbe gani, na kwa lugha ipi.

“Afadhali!” Bibi alisema kwa furaha. “Lugha hii yenu naizungumza, lakini kuisoma kunanipiga chenga. Sasa siku ya kuchukua dawa zangu za presha nitaisoma mwenyewe, kwa lugha ya mama yangu.”

Kidoti aliangalia sakafu. Jumamosi Mama alikuwa amempa kazi: Bibi atamke sentensi za zahanati kwa lugha yake, Kidoti aziandike kwenye kompyuta, na kila iliyokamilika aiwekee tiki ya kijani. Walipofika katikati, Bibi alisinzia kitini. Nje wenzake walikuwa wakiruka kamba na kumwita. Kidoti akaweka tiki zote, hata penye nafasi tupu, akijiambia kwamba atamalizia kesho. Kesho ikaja, ikapita. Mama alipouliza, alijibu, “Tayari, Mama,” na pongezi akapokea.

Shuleni hakuna kilichomwingia kichwani. Mwalimu wa hisabati alipomwuliza jibu la swali, alishtuka na kusema, “Tayari!” Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Nyumbani alimkuta Bibi sebuleni, miwani puani, akiigeuzageuza simu.

“Mjukuu wangu, hebu nitazamie. Mama yako amesema atanitumia mimi kwanza ujumbe wa kujaribu, kabla ya wagonjwa wengine. Simu imelia, lakini sioni kitu. Macho yangu ndiyo yamekwisha?”

Kidoti alitazama. Jina la zahanati lilikuwapo. Chini yake hapakuwa na neno hata moja.

“Macho yako mazima, Bibi. Kosa ni langu.” Akamweleza yote, machozi yakimtoka.

Bibi alivua miwani. “Na wenzangu wanaosubiri siku zao za dawa? Kimbia! Kilio utamalizia baadaye.”

Kidoti alikimbia mpaka zahanati, akapita foleni ya dirisha la dawa, akasukuma mlango wa chumba kidogo cha nyuma. Mama alikuwa mbele ya kompyuta, muuguzi mkuu amesimama kando yake.

“Mama, usiwashe! Sikumaliza. Niliweka tiki za uongo.”

Mama aliondoa mkono kwenye kompyuta. Kidoti alitamani afokewe tu, yaishe.

“Kwa nini hukuniambia?” Mama aliuliza.

“Niliogopa utakasirika.”

“Nimekasirika, ndiyo. Lakini njoo uone.” Mama aliondoa tiki moja kwenye nafasi tupu, akatuma ujumbe wa majaribio kwenye simu yake. Ukaingia, wote, kwa lugha ya kawaida. “Penye pengo lisilo na tiki, mfumo unatuma sentensi ya zamani. Mgonjwa angeomba asomewe, lakini habari angeipata. Tiki yako iliuambia mfumo kwamba maneno yapo. Ukaamini, ukatuma utupu.”

Kidoti alizitazama tiki zake. “Kwa hiyo ningeacha tu bila kumaliza…”

“Hakuna ambaye angekosa dawa,” muuguzi mkuu alisema.

Mama aliondoa tiki zote za uongo, akaahirisha kuwasha. Jioni Bibi alikataa kukaa kwenye kile kiti kinachomlaza. Alitamka sentensi moja moja akiwa wima, Kidoti akaandika na kumsomea kila moja kabla ya kuweka tiki. Kesho yake simu ililia, na Bibi akausoma ujumbe kwa sauti kubwa, kisha akaurudia, ingawa hakuna aliyemwomba.

“Sikia, mwanangu,” Mama alisema. “Kazi ambayo haijaisha tunaweza kusaidiana. Ukidanganya kwamba imeisha, nani atajua kwamba unahitaji msaada?”

Jumamosi iliyofuata wenzake walikuja tena na kamba yao.

“Kidoti, vyombo umemaliza?” Mama aliuliza kutoka chumbani.

Kidoti alitazama sufuria iliyobaki, akapiga moyo konde.

“Bado, Mama.”

“Haya, nakuja tusaidiane.”