Moshi wa Waya na Mtoto wa Jolly

Gari la maji lilipofika mtaa wa Nyakuron, Juba, wanawake walisogeza madumu yao na kuitana kwa sauti.

"Mama Dau, songa mbele!"

"Mama Atong, hili dumu lako!"

Ilipofika zamu ya Jolly, walisema tu, "Jolly, leta."

Hawakuwa na ubaya. Jolly hakuwa na mtoto, sasa wangemwitaje? Lakini jina lake mwenyewe lilimuuma kila asubuhi. Mimba zake za kwanza zilikuwa zimetoka. Sasa alikuwa na nyingine, na moyoni alificha jina: Kisakye. Alitamani kuitwa Mama Kisakye kuliko alivyotamani kulala usingizi.

Mumewe, Kato, alikuwa fundi wa mota na jenereta. Walikuwa wametoka Uganda pamoja kutafuta maisha Juba. Kato alinunua waya kuukuu soko la Custom, akazichoma nyuma ya nyumba. Plastiki iliungua, shaba ikabaki. Moshi mweusi ulipita kwenye nguo zilizoanikwa, na jivu likabaki chini. Kuku wake walilipenda sana jivu lile. Walijigaragaza humo na kudonoa wadudu.

Kato alimchemshia mkewe mayai ya kuku hao kila siku.

"Kula, Jolly. Wewe iko na mtu ndani."

"Nimeshiba."

"Wewe umeshiba. Hiyo mtoto bado. Kula!"

Alivyoyamenya mayai yale kwa uangalifu, ungedhani yeye ndiye mwenye mimba.

Siku moja jirani yao Falhado alileta feni itengenezwe. Falhado alikuwa mkunga wa kliniki, Msomali kutoka Garissa. Alipofika nyuma ya nyumba aliziba pua kwa ushungi wake.

"Fundi, unachoma nini?"

"Waya tu, sista. Moshi inaenda juu."

"Na jivu nalo linaenda juu? Si hawa kuku wanaoga ndani yake?" Kisha akaona sahani ya Jolly. "Hayo mayai ni ya kuku hawa?"

"Ya hapa hapa. Si ya duka," Kato alijibu kwa majivuno.

Falhado alivuta kiti akakaa.

"Sikilizeni. Plastiki ya waya ikiungua inatoa sumu inaitwa dioksini. Inabaki kwenye jivu na udongo. Kuku akidonoa hapo, inaingia kwenye mafuta ya yai. Huwezi kuiona. Na ukichemsha yai, haitoki."

"Lakini mimi nakula kila siku, na siumwi," alisema Jolly.

"Haikuangushi siku hiyo hiyo, dada. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo sana, macho hayavioni. Huyo mtoto wako alianza kama seli moja. Ikagawanyika, zikawa mbili, zikaendelea hivyo. Kila seli lazima ijue: sasa kua, sasa gawanyika, sasa acha."

"Inajuaje?" aliuliza Kato.

"Kwa njia nyingi. Moja ni hii. Ndani ya seli kuna kipokezi, na kazi yake ni kuhisi kemikali. Kemikali ikikishika, kinaingia kwenye kiini cha seli na kuamsha maagizo. Mengine ni ya kusafisha sumu. Mengine yanagusa kukua na kugawanyika kwa seli."

"Kwa hivyo hiyo kipokezi ni mbaya?"

"Hapana, tunakihitaji. Hata mboga za majani zina kemikali zinazokiamsha. Lakini hizo mwili unazivunja upesi, nacho kinatulia. Dioksini inakaa mwilini miaka mingi. Inakishika, haikiachii."

Kato aliweka koleo chini. "Kama swichi imenata. Mota inazunguka tu mpaka inaungua."

"Umeelewa. Seli zingine zinaweza kugawanyika wakati si wake. Zingine zinaacha kukua mapema. Mtu mzima, miaka ikipita, anaweza kupata hata saratani. Na mtoto tumboni ndiyo kwanza anajengwa."

Jolly alisukuma sahani. "Sista, wale wangu wa kwanza... ilikuwa hii?"

Falhado alimshika mkono. "Sijui, dada. Nikisema najua, nitakuwa nakudanganya. Mimba hutoka kwa sababu nyingi. Njoo kliniki tukupime. Lakini huyu uliye naye, tumkinge leo."

Kato alilia. Fundi mzima, mikono imejaa grisi, alilia mbele ya kuku wake.

"Mimi nilimlisha na mkono yangu."

"Hukujua, fundi. Sasa umejua. Zima moto."

Kato akaumwagia udongo. Kisha akauliza, "Hawa kuku nipeleke Custom, niuze?"

"Umuuzie nani? Mke wa mwenzako?"

Kato akaanza kuwakamata mmoja mmoja. Kuku wote walichinjwa na kuzikwa, hakuna aliyewala. Alijifunga kitambaa puani, akalimwagia jivu maji lisipeperuke. Akalichota pamoja na udongo wa juu, akalifukia kwenye shimo refu, mbali na bustani na visima.

Tangu siku hiyo alichuna waya kwa kisu. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na fundi mwenzake Apollo alimcheka.

"Shaba kwa kisu? Utazeeka, Kato!"

"Wacha nizeeke. Nataka mtoto anikute nikiwa mzee, lakini anikute."

Jolly alikula maharage, mboga na samaki. Alihudhuria kliniki bila kukosa. Mtoto akitulia tumboni, alishika tumbo na kungoja mpaka ampige teke tena. Alimtamani mno. Aliogopa hata kulitaja lile jina.

Mvua zilipoanza, mtoto alizaliwa, msichana mwenye sauti kubwa, wakamwita Kisakye. Falhado aliwaambia, "Mnyonyesheni. Maziwa ya mama ndiyo bora kwake."

Jolly alipopata nguvu, alirudi kwenye foleni ya maji, mtoto mgongoni.

"Mama Kisakye, leta dumu!" aliita mwanamke wa mbele.

Jolly alikuwa amesikia vizuri kabisa. Lakini alisimama palepale, machozi yakimtoka, akauliza, "Umemwita nani?"

Walimwita tena.