Kabla ya Bendera Kupanda

Asubuhi ya kuvuna mwani, mjukuu wangu Kozue hakumaliza wali wake. Alivaa mabuti ya mpira, akayavua, akayavaa tena.

"Bibi, twende! Maji yameshakupwa."

"Hayakimbii. Kula kwanza."

Hakula. Alichukua mundu akatangulia ufukweni peke yake.

Kisiwani kwetu hakuna anayegusa mwani mpaka bendera nyeupe ipande. Nilipofika, watu wa kila nyumba walikuwa wamejipanga kwenye kokoto, wakirukaruka kwa baridi. Lakini mzee Tokuzo, mlinzi wa ufuko, alikuwa ameikalia bendera.

"Kuna mwani umekatwa kwenye mwamba ule," alisema. "Sipandishi mpaka nijue ni nani."

"Tokuzo, maji yatarudi!" jirani yetu Shigeno alipiga kelele. "Mwaka mzima utatupikia supu ya bendera?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakaanza kutazamana.

"Atakuwa Wataru," mmoja alisema. "Si ndiye aliyejigamba atakuwa wa kwanza?"

"Mimi? Nimefika sasa hivi!" Wataru, anayesoma darasa moja na Kozue, alikaribia kulia.

Wimbi dogo liligusa mwamba. Kozue hakutulia, mara mguu huu, mara ule. Nilimshika mkono; ulikuwa baridi kama samaki. Akauchomoa, akaenda mbele, akatoa mwani ndani ya koti lake.

"Ni mimi. Wataru huniita konokono. Nilitaka kumshinda, nikashindwa kungoja."

"Basi leo nyumba yenu haikati," alisema Tokuzo.

Moyo uliniuma, maana mwani wa siku hiyo ndio mboga yetu ya mwaka. Bendera ikapanda, watu wakaingia majini mbio. Kozue alikaa chini akilia.

Punde Wataru alikuja na kapu limejaa, likivuja maji. "We konokono, umekatazwa kukata tu. Kubeba hujakatazwa. Inuka!"

Kozue alibeba makapu ya watu mpaka maji yalipojaa. Jioni tulikuta mafungu ya mwani mlangoni, ya Shigeno na ya wengine ambao hawakubisha hodi.

Tulipokuwa tukiyaanika nilimwambia, "Ungenyamaza, kisiwa kizima kingekosa mwani, na Wataru angebeba lawama yako. Umesema kweli mbele ya watu, ndiyo maana wameweza kutuonea huruma."

"Na kungoja, Bibi? Nitaweza lini?"

"Polepole, mjukuu wangu. Hata mimi bado najifunza."