Bunju wa Pangoni

Nyumba ya Sabri, ghorofa ya tatu Michenzani, ilianza kunuka samaki wa kukaanga siku ambayo jiko halikuwashwa. Nadra, mkewe, alifungua madirisha yote. Harufu ikabaki.

Samaki pekee mle ndani alikuwa hai, kwenye tangi la kioo: bunju mdogo wa mistari ya buluu, wa aina ambayo hata wavuvi wa Makunduchi hawajaipa jina lake. Sabri, mpiga mbizi, alimtoa katika pango la mwambani huko huko kwa ajili ya hoteli moja ya Nungwi iliyotaka pambo la ukumbini. Mzaliwa wa Makunduchi yule, desturi aliijua: kabla ya kutia mkono pangoni unapiga hodi na kutaja haja yako, na wenyewe wa pango, mizimu ya mle, hutoa kitoweo tu. Basi akasema anaomba kitoweo. Bunju ana sumu, haliwi, lakini bwana mkubwa alimwita kitoweo bila haya. Haya zilimjia pale Nadra alipoacha kula.

"Nnangoja changu," Nadra alinong'ona kila alipoandaliwa, macho yake yakiwa kwenye tangi.

Sabri alijua kosa ni lake, na likamkosesha usingizi. Akamwita shangazi yake, Bi Kidawa, mganga. Mchana kweupe bibi huyo alifukiza ubani, na sauti nzito isiyo ya Nadra ikatoka kinywani mwa Nadra.

"Aliomba kitoweo. Mbona hakipikwi? Asipokula yeye, atakula huyu."

Bi Kidawa alimgeukia mpwa wake. "Ulimwongopea mwenye pango?"

"Naam, shangazi."

"Mrudishe leo hii. Na useme kwa sauti kwamba uliongopa. Usiposema, hujarudisha kitu."

Sabri alimrudisha. Lakini maji ya bahari yalikuwa yametoka, na ami zake walikuwa pale pale mwambani wakikagua madema yao ya kunasia samaki, wakamtania kwa ndoo yake, na yeye, aliyekuwa akijuta njia nzima mpaka machozi yakamtoka, akaona aibu kutamka uongo wake mbele yao, akamwachia samaki kimya kimya na kujiambia kwamba kukiri moyoni kunatosha.

Alasiri alipopanda ngazi za Michenzani alisikia mafuta yakichachatika, na kila ghorofa harufu ilizidi kumkaba, naye akapanda mbio akimwita mkewe, mpaka akausukuma mlango na kumkuta ameketi mkekani, sahani ya wali mbele yake, na juu ya wali bunju yule yule, amekaangwa, mistari yake ya buluu ikionekana bado.

Nadra alikuwa ameshamega tonge.

"Niliongopa," Sabri alinong'ona. "Nisamehe. Niliongopa."

"Ungesema kule," ilijibu ile sauti. "Sasa kula wewe, au ale yeye."

Mkono wa Nadra ukainuka kuelekea kinywani. Sabri akamnyang'anya tonge, akala, akaivuta sahani na kula tena, akilia, mpaka ukabaki wali mtupu.

Harufu ikakatika. Nadra akapepesa macho, akamtazama mumewe kwa mshangao.

"Sabri, umerudi saa ngapi? Unakula nini peke yako?"

Alitaka kumwambia yote. Midomo yake ilikuwa imeshakufa ganzi.