Mkazi wa Kiwanda cha Nyuzi

Ukuta ulikataa kukauka. Mpaka rangi aliupaka Jumatatu. Jumatano akaugusa, kiganja kikarudi na mafuta ya mashine, ya moto. Na mashine zilikwisha kuuzwa kama vyuma chakavu miaka mingi kabla haijaamuliwa kiwanda hicho cha nyuzi kiwe jumba la sanaa.

Alikuwa mgane, mtu wa maneno machache. Mafundi wa chini walimwita Bubu, naye akaitika. Ghorofani alifanya kazi peke yake.

Alhamisi mchana, sauti ya mwanamke ikasema nyuma yake, "Pole na kazi."

Ukumbi ulikuwa mtupu.

"Nishapoa," akajibu, maana adabu humtoka mtu hata kabla ya hofu.

"Nyumbani nani anakungoja?"

"Hakuna."

"Hata mimi. Waliondoka wote, hakuna aliyeniaga."

Alishuka ngazi mbio, harufu ya pamba iliyoungua ikimfuata hadi getini, akaapa hakanyagi tena. Lakini kesho yake jua halijapanda alikuwa amesimama palepale juu, brashi mkononi, na kilichomtisha zaidi ya ile sauti ni kwamba alikuwa amewahi.

Wiki mbili baadaye msimamizi alimkuta akicheka peke yake, amekonda, ndevu zimejaa nyuzi nyeupe. Akamleta mganga, mama mfupi mwenye miwani.

Mama akafukiza ubani. "Jini huyu amekuzoea, baba," akanong'ona. "Mimi nitasoma, lakini wa kumtoa ni wewe. Mwambie aondoke."

Akafumba macho, akasoma. Madirisha yakatetemeka, sakafu ikanguruma kana kwamba mashine zote zimewashwa kwa pamoja, na katikati ya ngurumo ile mpaka rangi akahisi pumzi ya joto sikioni mwake.

"Ondoka," akasema.

"Niende wapi?"

Akafikiria chumba chake, kitanda kilichobonyea upande mmoja, redio anayoiwasha ili tu pawe na mtu anayesema. Akamtazama mganga, naye bado amefumba macho. Akasogeza midomo taratibu, bila sauti:

"Twende kwangu."

Ngurumo ikakatika. Ukuta ukaanza kukauka mbele ya macho yao.

"Ametoka," mganga akasema, akijifuta jasho.

"Ametoka," mpaka rangi akakubali. Akakunja nguo zake za kazi, akaaga, akafungua mlango, akasimama kando kidogo kabla ya kupita.