Besi la Mama Adelaïde

Land Cruiser nyeupe ilipita Mubambiro, ikakata Sake bila kupunguza mwendo, ikashika mlima wa barabara ya Kitshanga.

Yamaha ilikuwa nyuma yake.

Aliyeiendesha ni Kétsia Kasika, ajenti wa upelelezi, bastola ya Browning ubavuni. Aliyemshika kiuno hakuwa ajenti. Alikuwa Mama Adelaïde wa Walikale, mjane, mpiga gitaa la besi.

"Mama, nilikuambia ubakie Goma!"

"Ile gitare iko yangu. Nitabakia namna gani? Kimbiza!"

Redio ya Motorola ikakoroma kifuani mwa Kétsia.

"Nyuki, hapa Mzinga." Ilikuwa sauti ya mkuu wake, Papa Marcellin. "Mishumaa iko njiani. Itawashwa leo. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzinga."

Mishumaa ilikuwa viwashio vya baruti. Baruti yenyewe ilikwisha kufichwa chini ya daraja ambalo malori ya chakula hupita kwenda kambi za Kitshanga. Daraja likianguka, maelfu ya waliokimbia vita watalala njaa. Mbebaji alikuwa Lucas Strand, mgeni aliyezunguka Kivu akijiita mwanamuziki. Alikaguliwa mara nyingi. Nguo, viatu, hata matairi.

Hakuna kitu. Ana gitaa tu.

Asubuhi hiyo, Goma, Kétsia alikuwa akimvizia Strand mbele ya hoteli pale mwanamke mmoja kutoka soko la jirani alipopiga kelele: "Mwizi! Gitare ya bwana yangu!" Strand akarukia gari. Mwanamke akarukia Yamaha ya Kétsia, bila kuuliza.

Njiani Adelaïde alieleza. Besi lilikuwa Gibson EB-2 la mwaka 1958. Marehemu mumewe, Paul, alilinunua Kisangani na kumfundisha kulipiga. Wenye silaha walipovamia Walikale walimuua Paul na kubeba kila kitu. Tangu siku hiyo, Adelaïde hakupiga besi lingine.

"Utalijua kweli, Mama? Magitaa yanafanana."

"Hii haifanane na nyingine. Mbavuni iko tupu ndani, katikati iko na gogo ya muti. Funguo za nyuzi zinaangalia nyuma, kama za banjo. Na ndani, mu tundu ya kushoto, Paul alichoma herufi yake na musumari ya moto."

Mbele, ng'ombe walijaa barabara.

Land Cruiser ikapiga honi. Mchungaji, mzee aliyeitwa Hakorimana, hakugeuka hata shingo.

"Barabara iko ya ng'ombe pia," alisema.

Kétsia alizima pikipiki, akatembea hadi dirishani kama mtu anayeuliza njia.

"Bwana Strand. Shuka na gitaa."

Strand alishuka akitabasamu, sanduku la gitaa mkononi. Kiswahili chake kilikuwa safi.

"Dada, hili ni langu. Nimelirithi kwa baba yangu. Mama huyu amechanganyikiwa."

"Basi lifungue."

Akalifungua. Mbao ya rangi ya asali iliyoungua kingoni, matundu mawili yaliyopinda, funguo zikitazama nyuma. Adelaïde alivuta pumzi. Hakulia. Alinyoosha kidole, akagusa uzi mnene.

*Dup.*

Akagusa tena. *Dup.*

"Hapana," alisema polepole. "Hata bila umeme hii gitare inaimba. Hii tumbo yake imeshiba. Umeiwekea nini ndani?"

Tabasamu la Strand likafa.

Mkono wake ulikimbilia koti. Kétsia alikuwa mwepesi zaidi. Kiatu chake kilipiga kifundo cha mkono, bastola ya Beretta ikaruka kwenye matope, na mdomo wa Browning ukagusa sikio la Strand.

"Usipumue sana."

Hakorimana aliokota ile Beretta kwa ncha ya fimbo, akaisukuma mbali.

Kétsia alimfunga Strand pingu, akawasha tochi ndogo na kuingiza kioo chembamba katika tundu la kushoto. Ndani, kwenye ubao, ilikuwepo herufi P, nyeusi, imepinda kidogo. Chini yake, vimelala katika pamba, viwashio vyembamba kama kalamu.

Alivitoa kimoja kimoja kwa koleo, jasho likimtiririka puani. Alipomaliza, Adelaïde aligusa uzi tena.

Sauti ikatoka nene, ndefu. Ng'ombe wa karibu akainua kichwa.

Sasa ndipo Adelaïde alipolia.

"Mzinga, hapa Nyuki. Mishumaa ninayo. Mbebaji ninaye. Tuma watu wa kutegua baruti."

"Kazi nzuri, Nyuki. Na gitaa?"

"Limetambuliwa."

"Lilete Goma. Ni kielelezo cha mahakamani. Isitoshe, kuna wakubwa wamesikia ni la thamani."

Kétsia alimtazama Adelaïde. Alikuwa amelikumbatia besi kwa mikono miwili, miguu imekita katikati ya barabara.

"Waambie waje waichukue hapa," Adelaïde alisema. "Mimi sikimbie tena."

"Umemsikia, Papa?"

"Nyuki, hiyo ni amri!"

"Viwashio ndivyo kielelezo. Gitaa lina mwenyewe."

Akazima Motorola.

Jeep ya kikosi ilipomchukua Strand, baruti ya darajani ilikuwa imekwisha kuteguliwa, na lori la kwanza la chakula lilikuwa linapanda mlima. Adelaïde alipandishwa juu ya magunia kwenda Kitshanga, besi mapajani, vidole tayari vikitafuta wimbo.

Kétsia alivaa miwani, akapiga Yamaha teke, akashuka kuelekea Goma kwenda kugombezwa.

Alikuwa anapiga mluzi.